Mwalimu Mgeni Aendaye Kabambare

Kila mwaka mwezi wa Septemba shule zetu hufunguliwa, na kila mwaka yuko mwalimu fulani aliyetoka mbali, labda Bukavu, labda Lubumbashi, labda hata nchi ya ng'ambo, ambaye barua yake ya kazi yataja Kabambare. Walimu wageni si jambo jipya katika Kongo. Baada ya uhuru wa 1960, walimu Wabelgiji wengi walipoondoka, UNESCO ilisaidia kuleta walimu kutoka nchi nyingine, na wengi wao walitoka Haiti. Mwalimu wa namna hiyo aweza kuwa hodari wa hesabu, lakini njia isipomfikisha, hesabu yake yawafaa nini watoto?

Basi leo twataka kusema juu ya njia. Twasema kama watu tulioadhibiwa nayo.

Mwaka wetu wa kwanza tulitoka Kasongo kwa pikipiki, tumeketi nyuma ya kijana mwendeshaji, na sanduku la vitabu limefungwa kwa kamba za mpira. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Njiani tukakuta kijito kimefurika, maji yamepanda juu ya daraja la magogo. Mzee mmoja wa kijiji kile akatuambia, "Mwalimu, ngoja. Kesho maji yatashuka." Kijana naye alitaka kungoja. Sisi tukajibu kwamba shule yafunguliwa Jumatatu. Tukamhimiza kijana, naye akatii, kwa kuwa sisi tulikuwa walimu na yeye alikuwa mdogo kwetu. Katikati ya daraja gurudumu likateleza. Sisi tulitoka tumelowa tu. Kijana alivunjika mguu, na vitabu vikachukuliwa na maji.

Watu wa kijiji wakamtengenezea kijana machela, wakampeleka kwenye kituo cha afya. Sisi wakatulaza na kutulisha, wala hawakutukemea. Tulifika shuleni siku tisa baadaye, mikono mitupu. Kama tungalingoja siku moja, tungalichelewa siku moja tu.

Jambo hili halikuanza na sisi. Dr. Livingstone alifika Kabambare, ambako yeye alipaita Bambarre, mwezi wa Septemba 1869. Katika mwaka wa 1870 alitoka tena kuutafuta mto Lualaba, pamoja na Susi, Chuma na Gardner tu, kwa kuwa wengine walikataa kwenda. Akapita katika mvua, matope na mito mingi kwa miguu. Miguu yake ikapata vidonda vibaya, akarudi Kabambare mwezi wa Julai, akalala muda mrefu ndani ya nyumba asiweze kutembea. Ilikuwa Februari 1871 alipoondoka, na mwisho wa Machi akafika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. Kama nchi hii ilimzuia msafiri mzoefu kama yule, yatupasa sisi kujipanga vizuri.

Kwanza, chagua majira. Katika Maniema ya kusini kiangazi huanza yapata mwezi wa Juni na kwisha yapata Septemba. Maana yake, shule hufunguliwa mvua zinaporudi. Mwalimu mwenye akili haji Septemba. Huja Agosti, barabara ingali kavu.

Pili, jua njia zako. Atokaye Kindu hupita Kasongo. Atokaye Katanga aweza kupanda treni ya Kindu na kushuka Kongolo au Samba. Lakini treni hiyo isihesabiwe kwa saa, bali kwa siku, na pengine kwa majuma. Atokaye Tanzania huvuka ziwa kutoka Kigoma hadi Kalemie, na akifika arudishe saa yake nyuma kwa saa moja. Njia ya Fizi na Lulimba ipo, lakini hupita pande za Salamabila penye dhahabu, ambako watu wenye silaha wamewahi kuvuruga safari nyingi. Mtu asiishike kabla ya kuwauliza waliotoka huko juma lile lile. Kuuliza si ujinga.

Tatu, tunza karatasi. Mgeni wa nchi nyingine awe na pasipoti yenye viza na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, tena ajionyeshe kwa ofisi ya uhamiaji, yaani DGM. Barua ya kazi awe na nakala zake kadhaa. Zote zitiwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa vema, zikae mwilini, zisikae sandukuni.

Nne, fedha. Chukua noti ndogo ndogo za faranga. Dola iliyochanika hata kidogo hukataliwa, na hapo huna wa kumlalamikia.

Tano, afya. Chandarua kisikosekane, na maji yachemshwe. Vaa viatu vigumu, na kila mchubuko wa mguu uoshwe siku ile ile. Kumbuka miguu ya Livingstone.

Sasa twageukia ninyi, wazazi na wanafunzi. Mwalimu akishafika Kasongo, yafaa mtu wa Kabambare ampokee pale, mtu ajuaye madaraja na vivuko, ajuaye pia Kibangubangu, ili mgeni asimamishwe na maneno ya busara kwa lugha atakayoielewa. Mkutano wa wazazi waweza kumchagua mtu huyo mapema, mwezi wa Julai. Gharama yake ni ndogo kuliko hasara ya darasa kukaa majuma bila mwalimu. Na mgeni akipewa shauri njiani, asidhani kwamba cheo chake kinamzidishia akili ya mito.

Yule kijana mguu wake umepona, ila anachechemea. Sisi hupita kijijini kwake kila mwaka tuendapo likizo, na hatuvuki daraja lile kabla ya kumwuliza yeye hali ya maji. Siku anaposema tungoje, twashuka, twaketi. Mwenda pole hajikwai.