Mbio za Nyika za York: Hata Wa Mwisho Anaitwa kwa Jina

Karatasi ya michezo ikiletwa kutoka shuleni, wazazi wengi wa kwetu huiweka pembeni. Mtoto kaja Marekani kusoma, michezo ni ya wenyewe. Wazazi wenzangu, kabla hamjakataa, someni habari za York.

York ni sekondari ya serikali iliyopo Elmhurst, kitongoji magharibi ya Chicago. Inasifika kwa mbio za nyika. Kocha Joe Newton alianza kazi pale mwaka 1956 na akaendelea na ukocha hadi 2016, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Chini yake wavulana wa York walitwaa ubingwa wa jimbo la Illinois mara 28.

Katika mbio hizi timu huingiza wakimbiaji saba, nafasi za watano wa kwanza zikajumlishwa, na jumla ndogo ndiyo hushinda. Kocha mwingine angetafuta saba wake, basi. Newton hakumchuja kijana yeyote, na kuna miaka kikosi kilipita vijana 200. Jioni, mazoezi yakiisha, walipanga foleni kumpa mkono mmoja mmoja, bingwa na yule aliyefika wa mwisho akihema, na kila mmoja akaitwa kwa jina.

Sasa mfikirie mwanao, mgeni katika shule yenye wanafunzi zaidi ya 2,000, jina lake kila mwalimu analitafuna anavyojua. Kuna watoto wanaomaliza wiki nzima bila mtu kuwasemesha. Huo upweke mimi nauogopa kuliko kushuka kwa alama. Na alama zenyewe hazisahauliwi: kanuni za michezo za Illinois zinadai mchezaji awe anafaulu masomo yasiyopungua matano kila wiki, la sivyo anakaa nje.

Hapa naongea kama muuguzi. Illinois inataka fomu ya uchunguzi wa daktari, nayo hudumu siku 395. Msiijaze harakaharaka. Ulizeni kuhusu selimundu. Watoto waliozaliwa Marekani hupimwa wakiwa wachanga, lakini wengi waliozaliwa nyumbani hawajawahi kupimwa, na kwetu pwani na kanda ya ziwa wanaorithi kinasaba hicho kwa mzazi mmoja si haba. Mtoto wa namna hiyo haumwi, na anaruhusiwa kukimbia. Ila kocha aambiwe mapema: aanze taratibu, apumzike, anywe maji, na akisema misuli inauma au nguvu zimemwishia wakati wa joto, asimamishwe pale pale. Asiambiwe ajikaze. Mwenye pumu naye aende na dawa yake ya kuvuta mfukoni.

Shule nyingi za Marekani zina timu ya mbio za nyika, ya wavulana na ya wasichana, na nyingi hazichuji. Mazoezi huanza Agosti, kwa hiyo ombeni miadi ya daktari Juni au Julai, kabla kliniki hazijafurika. Kifaa cha kununua ni viatu vya kukimbilia tu.