Muziki wa gemu: wimbo mmoja, mashine nyingi

Jioni ikiingia Gungu, Manispaa ya Kigoma Ujiji, banda la gemu hulisikia kabla hujaliona. Vijana wanashangilia bao, pedi zinagombaniwa, na chini ya kelele zote kuna muziki unaojirudia bila kuchoka. Ni wachache wanaojiuliza muziki ule aliutunga nani, na alilipwaje.

Swali hilo nililetewa na kijana mmoja prodyuza, mwenye studio ya chumba kimoja. Ameombwa biti ya gemu ya simu. Mnunuzi anataka kumlipa mara moja, kisha kijana aachie haki zote. "Kaka, wewe umesomea uchumi. Niuze au niache?"

Mimi nimezoea hesabu za mawese na dagaa. Hata hivyo, swali lake ni lile la mkulima yeyote: unauza nini, na ukishauza unabaki na nini?

Chombo kilipokuwa kidogo

Zamani muziki wa gemu ulibanwa na mashine yenyewe. Nintendo ilipoanza kuuza NES nchini Marekani mwaka 1985, mashine hiyo ilikuwa na njia tano tu za sauti. SNES iliyofuata ilikuwa na njia nane, lakini kumbukumbu yake ya sauti ilikuwa kilobaiti 64. Mega Drive ya Sega nayo ilizalisha sauti kwa mbinu nyingine kabisa.

Kwa hiyo gemu iliyotoka kwenye mashine mbili ilihitaji muziki upangwe mara mbili. Mawese unayatoa kwenye dumu la lita 20 ukayamimina kwenye chupa, yakabaki yaleyale. Wimbo haukumiminika hivyo. Ilibidi upikwe upya, na kila upishi ulikuwa na gharama yake.

Mambo yalibadilika mashine za CD kama PlayStation zilipoenea miaka ya 1990. Muziki ukaweza kurekodiwa studio na kupigwa jinsi ulivyo.

Studio ndogo ilivyofanya

Mfano mzuri ni Yacht Club Games, kampuni ndogo ya California iliyoanzishwa mwaka 2011. Haikuwa na tajiri nyuma yake. Mwaka 2013 ilichangisha zaidi ya dola 311,000 kutoka kwa umma ili kutengeneza gemu iitwayo Shovel Knight.

Mtunzi wao, Jake Kaufman, alitumia programu ya FamiTracker na kutunga kana kwamba anaitungia NES ya zamani, akiongezea njia tatu za chipu ya VRC6 iliyobuniwa na Konami. Nyimbo mbili zilitungwa na Manami Matsumae, mwanamama wa Kijapani aliyetunga muziki wa Mega Man ya kwanza mwaka 1987.

Gemu ilitoka Juni 2014 kwa kompyuta, Wii U na 3DS. Mwaka 2015 ikaingia PlayStation na Xbox, na mwaka 2017 ikafika Switch. Nyimbo zilikuwa zilezile. Gharama ya kuzitunga ililipwa mara moja, masoko yakaendelea kuongezeka.

Hii haina maana kwamba hakuna kazi ya ziada. Faili lazima libanwe litoshe, wimbo ujirudie bila kukatika, na kiwango cha sauti kipimwe. Mwongozo wa Sony, kwa mfano, unataka sauti ya mashine ya mkononi iwe juu kuliko ya mashine inayounganishwa na TV. Lakini huo ni ufungashaji. Shamba limekwishalimwa.

Kiswahili kimo sokoni

Ndugu msomaji, lugha yetu imekwishafika huko. Gemu ya Civilization IV, iliyotoka mwaka 2005, ilifunguliwa na wimbo "Baba Yetu", ambao maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mtunzi wake, Mmarekani Christopher Tin, aliurekodi upya kwenye albamu yake ya mwaka 2009, na mwaka 2011 ukapata tuzo ya Grammy. Ulikuwa wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kufanya hivyo. Kazi iliyotungwa kwa gemu moja ilizaa tena nje ya gemu hiyo.

Hesabu ya Gungu

Turudi kwa kijana wetu. Tuseme biti imemgharimu sh 60,000. Akiiuza na haki zote kwa sh 100,000, faida ni sh 40,000, na hesabu imefungwa.

Tuseme badala yake anaikodisha kwa sh 40,000 kila toleo. Wateja watatu watampa sh 120,000, yaani faida ya sh 60,000, na biti bado ni yake. Lakini akipata mteja mmoja tu, amekula hasara ya sh 20,000. Mwenye kodi ya chumba na bili ya umeme hawezi kuipuuza hatari hiyo.

Ushauri wangu ulikuwa huu: bei ya kwanza irudishe gharama yote, hata kama faida ni ndogo. Mkataba uandikwe, utaje gemu moja na aina moja ya mashine. Gemu ikihamia kwenye konsoli, warudi mezani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu anapoiunda kazi, na COSOTA wapo kwa ajili ya kumsajilia. Ila sheria haiwezi kumrudishia alichokiuza kwa saini yake mwenyewe.

Kigoma haijapungukiwa vipaji. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu walikusanyika kama Kigoma All Stars wakatoa "Leka Dutigite", na nchi nzima ikasikia. Vijana wetu wanajua kutunga. Sasa wajifunze kuuza.

Kijana alirudi kwa mnunuzi na pendekezo la sh 70,000 kwa toleo la simu pekee. Hadi naandika makala haya, alikuwa bado anasubiri jibu.