Tunakimbia, Lakini Kilo Hazipungui

Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo akina mama wengi, na akina baba wachache wenye ujasiri, hutuuliza katika kliniki ya presha na kisukari. Kwa nini mtu akimbie kila siku na uzito usipungue? Na lipo swali la pili, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini mlango ukishafungwa: je, mtu anaweza kuwa mlevi wa chakula kama wengine walivyo walevi wa pombe?

Tuanze na mama mmoja aliyeturuhusu tueleze habari zake bila kumtaja jina. Ni mwalimu wa shule ya msingi, umri wake miaka 46. Alipotujia mara ya kwanza mizani ilionyesha kilo 92, na sukari katika damu yake ilikuwa imeanza kupanda. Tulimwambia yale tuliyozoea kuwaambia wote: "Punguza kula, fanya mazoezi." Tulimpa dakika tatu tu, maana foleni ilikuwa ndefu. Mama yule alitii. Alinunua raba, akawa anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakimbia kidogo na kutembea kidogo, kilometa 4 kila siku. Baada ya miezi mitatu akarudi. Mizani ikasema kilo 93. Akakaa kwenye benchi akalia. "Sista, watu wananicheka barabarani, na sasa hata mwili wangu wenyewe unanicheka."

Kosa lilikuwa letu, kwa sababu tulimpa agizo bila hesabu. Hebu basi tuifanye hesabu hiyo pamoja.

Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Mtu anapokimbia hutumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilometa. Mama wa kilo 90 akikimbia kilometa 4 ametumia kalori 360 hivi. Kwa kutembea anatumia pungufu ya hapo. Sasa tutazame mezani. Soda moja ya mililita 300 ina sukari zaidi ya gramu 30, yaani vijiko vya chai 7 au 8, na kalori zipatazo 130. Chapati moja iliyokolea mafuta hufika kalori 250 au hata 300. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia, kile tunachomimina bila kukiona, kina kalori 120. Kwa hiyo soda na chapati moja baada ya mazoezi, kwa kujipongeza, zimekwisha kurudisha kila kitu na chenji juu. Mafuta ya mwilini nayo ni ghala kubwa: kilo moja ina kalori 7,700 hivi. Kwa kilometa 4 za kukimbia kwa siku, bila kuongeza hata tonge, mama huyu angehitaji wiki tatu kupunguza kilo moja. Na ni nani anayekimbia alfajiri asione njaa saa nne?

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wenyewe liliwashangaza. Wahadzabe, ndugu zetu wa karibu na Ziwa Eyasi wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, walipimwa na watafiti wakiongozwa na Herman Pontzer, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Wanaume wao hutembea kilometa 11 hivi kwa siku na wanawake karibu 6. Wengi tungedhani wanachoma kalori nyingi kuliko mfanyakazi wa ofisini wa Marekani. Sivyo. Ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi yao ya nguvu kwa siku nzima hayakuzidi. Inaonekana mwili unaozoea kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine, kama mama mwenye nyumba anavyofanya mwezi wa ada za shule. Wahadzabe ni wembamba zaidi kwa sababu ya wanachokula kuliko kwa sababu ya mwendo wao.

Wapo watakaouliza, mbona wakimbiaji wetu mashuhuri hula sana na ni wembamba? Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwaka 2025, vijana wa parokia yetu walianza kukimbia kwa makundi, nasi tulifurahi. Ni kweli kwamba wakimbiaji wakubwa hawaogopi ugali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 juu ya wakimbiaji wa Kenya ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya nguvu zao zilitoka katika wanga na sukari, pamoja na chai yenye sukari ya kutosha. Lakini wale hukimbia zaidi ya kilometa 100 kwa wiki, tena ni kazi yao. Anayekimbia kilometa 4 akala kama anayekimbia 25 asimlaumu mganga.

Je, tumkataze mama yetu kukimbia? Hasha. Tulipompima tena damu siku ile aliyolia, sukari yake ilikuwa imeshuka, na presha pia, ingawa kilo zilikuwa zimeongezeka. Msuli unaofanya kazi hufyonza sukari kutoka katika damu vizuri zaidi, hata kama kiuno hakijapungua. Moyo hupata nguvu na usingizi huwa mzuri. Tena kuna orodha inayotunzwa huko Marekani tangu mwaka 1994, ya watu waliopunguza kilo zisizopungua 13 wakakaa hivyo mwaka mzima au zaidi. Wengi wao hufanya mazoezi ya karibu saa moja kwa siku, na zoezi lao kubwa ni kutembea tu. Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo, lakini husaidia sana uliopungua usirudi.

Sasa tuje kwenye lile swali la mlango uliofungwa. Mama yule alipokwisha kufuta machozi alituambia yale ambayo hatukumwuliza mara ya kwanza. Asubuhi anakimbia, anaoga, anaenda shule na kikombe cha chai ya rangi tumboni. Mchana hali, ili apungue. Saa kumi jioni anapita penye chipsi na hawezi kuvuka. Usiku watoto wakilala anakula maandazi yao ya asubuhi, sita au saba, amesimama jikoni gizani, kisha anaamka mapema kukanda mengine wasijue. "Sista, mume wangu aliacha pombe mwaka 2019. Mimi naona ulevi umehamia kwangu."

Wataalamu wamebishana juu ya hili muda mrefu. Mganga mmoja wa Marekani, Theron Randolph, aliandika juu ya ulevi wa chakula tangu mwaka 1956. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walitunga maswali ya kuutambua, wakifuata dalili za ulevi mwingine: kula kuliko ulivyokusudia, kujaribu kuacha na kushindwa, kuendelea ingawa unaona madhara. Watu wanapoulizwa ni chakula gani kinawashinda hutaja chokoleti, chipsi, keki na aiskrimu, yaani vyenye mafuta mengi pamoja na wanga au sukari. Ni nadra mtu kusema amenaswa na maharage au tango. Hata hivyo kitabu cha magonjwa ya akili cha waganga wa Marekani cha mwaka 2013 hakikuweka ulevi wa chakula pamoja na pombe na sigara. Kilichoandikwa humo ni ugonjwa wa kula kwa mafuriko: mtu hula kingi mno kwa muda mfupi, hawezi kujizuia, mara nyingi kwa siri, kisha huona aibu. Ugonjwa huo upo na unatibika.

Kwa maoni yetu, neno ulevi lina ukweli na lina hatari. Ukweli ni kwamba sehemu ya ubongo inayofurahia pombe ndiyo inayofurahia sukari na mafuta. Hatari ni kwamba mlevi huambiwa aache kabisa, naye mwenye shida ya chakula hawezi kuacha kula. Akijaribu, anazidisha ugonjwa. Katika Chuo Kikuu cha Princeton panya walinyimwa chakula saa 12 kila siku, kisha wakapewa chakula na maji ya sukari. Baada ya siku kadhaa wakawa wanayafakamia kama walevi. Wenzao waliokuwa na sukari wakati wote hawakufanya hivyo. Panya si mtu, lakini mwalimu wetu alipoisikia habari hiyo alicheka kwa mara ya kwanza. "Kumbe mimi ni panya wa saa kumi jioni!"

Aina ya chakula nayo ina sehemu yake. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima 20 waliokaa hospitalini Marekani. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida, sukari, mafuta na chumvi vikiwa vimelinganishwa, wale watakavyo. Kwa vyakula vya viwandani walikula kalori 500 zaidi kila siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Kwa vya kawaida wakapungua kiasi hicho hicho.

Basi tulimshauri mwalimu ale asubuhi: uji mzito, yai au karanga. Mchana maharage, mboga na ugali wa kiasi, kwenye sahani na amekaa. Maandazi yapikwe Jumamosi tu, na siku nyingine watoto wale viazi vitamu, ambavyo havimwiti usiku. Na amwambie mumewe. Hilo lilikuwa gumu kuliko viazi. Mume alisikiliza, akasema anaijua saa ile ya jioni, kwa sababu yeye naye hubadilisha njia asipite penye kilabu. Tangu hapo hurudi wote kwa njia ya mtoni.

Lilibaki tatizo la majirani. Alipoanza kupungua, mashemeji walisema mume hamtunzi, na wengine walinong'ona juu ya ugonjwa. Hapa kwetu unene bado ni cheti cha nyumba njema, na wapo akina mama walioacha mazoezi kwa maneno hayo. Mwalimu alijibu kwa kuonyesha kadi yake ya kliniki. Leo, baada ya miezi 10, ana kilo 85. Usiku wa jikoni bado humtokea, labda mara moja kwa mwezi, naye hutuambia.

Anayetaka kupima hatari nyumbani atumie utepe wa fundi cherehani kiunoni. Mwanamke akipita sentimeta 80, na mwanamume 94, aje kupimwa. Anayetumia sindano za insulini au vidonge vya kisukari asianze kukimbia kabla ya kutuona, kwani sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka njiani. Anayebanwa kifua au kukosa pumzi asimame na aje siku hiyo hiyo. Anayeumwa magoti atembee. Na mwenye kula kwa siri usiku, au kujitapisha baada ya kula, aje hata kama ni mwembamba, aombe kuonana nasi faraghani.