Kwa Nini Ngozi Mbichi Huoza na Kiatu Hakiozi?

Katika nchi ya Uasin Gishu, pande zote za mji wa Eldoret, watu wamefuga ng'ombe tangu zamani. Kila mfugaji ajua kwamba ngozi iliyochunwa leo, ikiachwa uani siku mbili tatu, hutoa uvundo, manyoya yake hung'oka, na mwisho haifai kitu. Lakini viatu vyake, navyo ni ngozi ya ng'ombe vile vile, hunyeshewa mvua miaka mingi wala havinuki. Tofauti yake ni nini? Jibu lamfaa kila mwenye mifugo, kwa maana fedha zake zimo ndani yake.

Sehemu kubwa ya ngozi ni kitu kiitwacho kolajeni. Aliyepata kuona kamba ya katani ikisokotwa hatakosa kuifahamu. Nyuzi tatu nyembamba mno, zisizoonekana kwa macho, zimesokotwa pamoja kuwa uzi mmoja. Nyuzi nyingi za namna hiyo zimekusanyika kuwa nene zaidi, na hizo nazo zimesukana kila upande. Nyuzi zile tatu hushikana kwa vifungo vidogo viitwavyo vifungo vya haidrojeni. Kifungo kimoja ni dhaifu, lakini vikiwa vingi vina nguvu, kama watu wengi wavutao kamba moja.

Adui wa ngozi ni wawili. Wa kwanza ni bakteria, vijidudu ambavyo huzila nyuzi maadamu ngozi ina majimaji. Wa pili ni joto. Ngozi mbichi iliyolowa ikipata joto la digrii 60 hadi 65 za Selsiasi, vifungo vyake hukatika, msokoto hufumuka, na ngozi hunywea. Ikizidi kuchemshwa hugeuka gundi, ile waitumiayo maseremala. Basi gundi na ngozi asili yao ni moja. Kilichobadilika ni mpango wa nyuzi.

Sasa tuutazame mti wa muwati. Asili yake ni Australia, nao ulipandwa katika mashamba makubwa karibu na Eldoret. Kampuni ya East African Tanning Extract ilikuwa na kiwanda mjini humo, ikitoa katika magome ya miwati dawa ya kutengenezea ngozi, iitwayo tanini. Gome kavu la muwati lina tanini yapata theluthi moja ya uzito wake. Ukitafuna ndizi mbichi, ule ukakasi unaokaza ulimi ni kazi ya tanini. Imeyashika mate yako na kuyaondolea utelezi.

Ndani ya ngozi hufanya vivyo hivyo. Molekuli ya tanini ni kama mtu mwenye mikono mingi: mkono mmoja hushika uzi huu, mwingine hushika ule. Nafasi zilizokuwa na maji hujaa tanini, na bakteria hawawezi tena kuzila nyuzi kwa urahisi. Ngozi hiyo, hata ikilowa, hustahimili joto la digrii 75 hadi 85. Viwanda vingi hutumia chumvi za kromiamu, ambazo hufunga kwa nguvu zaidi, hata ngozi ikaweza kustahimili maji yachemkayo. Wazee wetu walisugua ngozi kwa mafuta. Mafuta hulainisha, kwa kuwa nyuzi huteleza zisigandamane, lakini hayazifungi. Kwa hiyo ngozi hiyo ikilowa sana yaweza kuoza.

Hapa ndipo lilipo jambo la faida. Tanini hufunga nyuzi zilizo nzima tu. Haiwezi kusokota upya zilizofumuka, wala kuunga zilizokatwa. Ngozi mbichi ikitandazwa chini juani, nje hukauka upesi, lakini ndani hubaki maji na joto, na nyuzi za katikati huoza au kuwa gundi. Mnunuzi akiitazama huiona nzuri. Ikiloweshwa kiwandani hutoboka na kupasuka. Hasara hiyo humrudia mfugaji katika bei.

Kwa hiyo, uchunapo, tumia kisu kwa uangalifu usitie majeraha. Paruza nyama na mafuta yaliyobaki. Kisha iwambe ngozi kwenye fremu ya miti, kivulini penye upepo, ikauke polepole pande zote mbili. Ukikosa nafasi ya kuwamba, ipake chumvi nyingi upande wa nyama siku ile ile. Chumvi huyavuta maji, na bakteria wakikosa maji hawawezi kustawi.

Kiwanda hukamilisha kazi tu. Ubora wa kiatu huanzia uani kwako, saa ile ng'ombe anapochunwa.