Haki za filamu zisipimwe kwa lumbesa

Karatasi aliyonikabidhi ilikuwa imekunjwa mara nne, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Ilikuwa na mstari mmoja wa mkono: "Nimepokea Sh 150,000 kwa ajili ya filamu." Chini yake tarehe na sahihi yake. Binti huyu wa Laela aliigiza siku tisa, nyingine kwenye baridi ya Juni ambayo wenyeji wa Sumbawanga hawahitaji kuelezwa. Baadaye akaona kipande chake kwenye tangazo la biashara. Nilimwuliza walikubaliana nini. "Hatukukubaliana, wakili. Niliambiwa tu nisaini."

Karatasi ile ni stakabadhi. Inathibitisha kwamba fedha zilipokelewa, basi. Haisemi alichouza. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka watu wenye sifa ya kufunga mkataba waridhiane kwa hiari, kuwe na malipo halali na lengo halali. Tena inafafanua ridhaa kwa namna ninayoipenda sana: pande mbili zikubaliane jambo lilelile kwa maana ileile. Mtayarishaji anapoelewa "filamu" kuwa ni picha zote, mahali pote, miaka yote, na mwigizaji anaelewa ni posho ya siku tisa, ridhaa iko wapi? Makubaliano ya mdomo nayo yaweza kuwa mkataba, lakini kuyathibitisha mahakamani miaka mitatu baadaye, wakati kila shahidi ameshahamia kwingine, ni kazi ngumu.

Ufipa tunaijua lumbesa. Bei imepangwa kwa gunia, kisha mnunuzi anaongeza kilemba juu, anashona kwa kamba, na mahindi yale ya juu yanakwenda bure. Kwenye mikataba ya filamu lumbesa huwa sentensi moja: "Msanii anakabidhi haki zote, kwa njia zote, popote duniani, milele." Sisemi sentensi hiyo ni haramu. Mtu anaweza kuuza haki zote, ila ajue anauza nini na bei ilingane na mzigo.

Mimi huwashauri wateja wafikirie shamba la kukodisha. Anayekodisha shamba Kaengesa hutaja ekari ngapi, msimu upi na mara nyingi zao gani. Msimu ukiisha, shamba linarudi kwa mwenyewe. Vivyo hivyo, mkataba utaje filamu ipi kwa jina lake, itaoneshwa wapi (sinema, televisheni, intaneti), nchi zipi na kwa miaka mingapi. Matangazo ya biashara yawe kifungu chake, na malipo yake. Ikitokea filamu ya pili inatengenezwa kutokana na ya kwanza, warudi mezani.

Mwandishi wa hadithi na mtunzi wa muziki wana jambo la ziada. Kazi zao zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, tangu zinapotungwa, hata kabla ya kusajiliwa. Hata hivyo, usajili katika Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ni ushahidi mzuri ugomvi unapozuka. Sheria hiyohiyo inalinda sanaa za jadi zinapotumiwa kwa faida nje ya mazingira yake ya kimila. Kwa hiyo kikundi cha ngoma ya nsimba kisichukuliwe kama mapambo ya nyuma ya picha.

Kisha kuna mahali. Mzee anayeruhusu nyumba yake ipigwe picha apewe mkataba wake mwenyewe: siku ngapi, saa ngapi, nani analipa bati likitoboka, nani anasawazisha ua baada ya magari. Malungu, zile tanuri za udongo ambamo Wafipa waliyeyushia chuma, ni dhaifu, na ruhusa ya mwenye shamba pekee haitoshi. Mambo ya kale yana sheria yake. Msitu wa Mbizi na maporomoko ya Kalambo navyo vina mamlaka za kuombwa kibali, mbali na kibali cha Bodi ya Filamu. Mkataba useme nani anavifuatilia. Nimeona watu wakitupiana mpira hapo huku gari la kukodi linadai kwa siku.

Watayarishaji nao wana haki ya kulindwa. Ukianza kupiga picha Mei mahindi yakiwa bado yamesimama, Agosti shamba limevunwa na mwigizaji wako mkuu ameshuka Bonde la Rukwa kwenye mpunga. Andika tarehe za kazi, na andika pia siku za kurudia, pamoja na malipo yake, kabla kamera haijawashwa. Malipo yenyewe yagawanywe: sehemu wakati wa kusaini, sehemu katikati, salio siku ya mwisho ya kupiga picha. "Utalipwa filamu ikiuzwa" ni ahadi isiyo na tarehe. Itajwe vilevile kama kiasi ni kabla au baada ya kodi ya zuio. Mwigizaji akiwa hajafikisha miaka 18, mzazi au mlezi ndiye anayesaini.

Mkataba uandikwe kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti, kila ukurasa uwekwe sahihi, kila upande ubaki na nakala, na ushuru wa stempu ulipwe, maana hati isiyo na stempu hukwama mahakamani.

Yule binti alirudi na kazi mpya, safari hii na kurasa nne. Tulikaa nazo asubuhi nzima. Ukurasa wa mwisho ulisema migogoro yote itasikilizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka hapa. Nauli na malazi ya mara tatu vingemaliza alichokuwa anadai. Sumbawanga ina mahakama za ngazi zote hadi Mahakama Kuu. Tulikata neno moja, tukaandika Sumbawanga, na mtayarishaji akasaini bila kubisha.