Kura 10,000 hazitoshi: Kwa nini kazi nyingi za mashabiki wa Lego hazifiki madukani

MASHABIKI wa mchezo wa video wa The Legend of Zelda walisubiri kwa miaka mingi kabla ya kuuona ulimwengu wanaoupenda ukijengwa kwa matofali ya plastiki ya kampuni ya Lego.

Si kwamba hawakujitahidi. Zaidi ya mara moja, baadhi yao walibuni modeli, wakaziwasilisha kwa kampuni hiyo ya Denmark na kukusanya kura 10,000 zinazohitajika ili kazi ifikiriwe. Kila mara jibu lilikuwa moja: hapana.

Hatimaye, Septemba 2024, seti ya mti maarufu wa mchezo huo, yenye vipande 2,500, iliwasili madukani. Hata hivyo, ilibuniwa na waajiriwa wa Lego wenyewe wala haikupitia mpango wa kupokea kazi za mashabiki. Waliotangulia kutoa wazo hawakuwa na fungu katika mauzo yake.

Wasiofahamu biashara hii huenda wakaona kwamba mashabiki hao walidhulumiwa. Ukweli ni kwamba baina ya kura za umma na rafu ya duka pana mlango ambao ufunguo wake hauko mikononi mwa shabiki, na mara nyingi hauko hata mikononi mwa Lego. Ufunguo huo ni leseni.

Leseni ni idhini anayotoa mmiliki wa hadithi, filamu, mchezo au chapa ili mtu mwingine atumie majina na sura zake kibiashara. Anayepewa idhini hulipa mrabaha, yaani sehemu ya mapato ya mauzo. Mwenye mali ndiye huamua nani apewe, kwa muda gani na kwa masharti yapi.

Lego haikuanza kwa kutegemea hadithi za watu wengine. Ilianzishwa mwaka 1932 na seremala Ole Kirk Kristiansen katika mji mdogo wa Billund. Jina lake lilitokana na maneno mawili ya Kidenmarki yenye maana ya "cheza vyema".

Tofali linalojulikana leo, lenye vinundu juu na mirija ndani, liliombewa hataza Januari 28, 1958. Tangu siku hiyo vipimo vyake havijabadilika, kiasi kwamba tofali la mwaka huo bado hushikana barabara na lililotengenezwa juzi.

Nguvu ya kifaa hicho imo katika wingi wa mambo yanayoweza kujengwa nacho. Wanahisabati wamekokotoa kwamba matofali sita pekee ya rangi moja, kila moja likiwa na vinundu vinane, yanaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765 tofauti.

Kwa sababu hiyo, mashabiki hawakuwahi kuridhika na michoro iliyomo kwenye kisanduku. Watoto hubomoa na kujenga upya wapendavyo. Watu wazima nao, ambao ni wateja wakubwa, hubuni majumba, meli na hata miji mizima ambayo haimo katika orodha yoyote ya kampuni.

Hata hivyo, hataza hazidumu milele. Muda wake ulipokwisha, kampuni nyingine ziliruhusiwa kuunda matofali yanayoshikana na yale ya Lego. Lego ilijaribu kuwazuia washindani hao kwa kudai kwamba umbo la tofali ni alama yake ya biashara.

Mwaka 2005, Mahakama ya Juu ya Canada ilitupilia mbali hoja hiyo katika kesi dhidi ya watengenezaji wa Mega Bloks. Septemba 2010, Mahakama ya Haki ya Ulaya nayo iliamua kwamba umbo la tofali haliwezi kusajiliwa kuwa alama ya biashara, kwa vile umbo hilo ndilo hukifanya kifaa kifanye kazi.

Maana ya maamuzi hayo ni kwamba yeyote anaweza kuunda tofali. Asichoweza ni kulijengea sura ya Harry Potter au chombo cha angani cha Star Wars bila ruhusa ya wenyewe. Thamani ya biashara, kwa hivyo, ikahamia kutoka kwenye plastiki hadi kwenye hadithi.

Lego ilikuwa imeanza safari hiyo mapema. Mwaka 1999 ilitoa seti zake za kwanza za Star Wars, na mwaka 2001 zikafuata za Harry Potter. Mauzo yalipanda.

Lakini leseni ni kama mvua: neema inaponyesha, njaa inapokosekana. Mwaka 2002 kulitoka filamu mpya za Star Wars na Harry Potter. Mwaka 2003 hakukutoka hata moja kati ya hizo, na mauzo yakaporomoka.

Kufikia mwaka 2004, kampuni ilikuwa ukingoni. Mwaka huo ilipata hasara ya takriban kroner bilioni 1.9 za Denmark. Jørgen Vig Knudstorp, aliyekuwa na umri wa miaka 35, aliteuliwa afisa mkuu mtendaji, wa kwanza kutoka nje ya familia ya mwanzilishi.

Knudstorp alipunguza aina za vipande vilivyokuwa vikiundwa na kurejesha mkazo kwenye tofali lenyewe. Mwaka 2005 kampuni iliuza sehemu kubwa ya umiliki wa bustani zake za burudani za Legoland.

Jambo jingine lililobadilika, ingawa halikuvuma sana, ni jinsi kampuni ilivyowatazama mashabiki wake. Awali waliokuwa wakiunda vitu vyao walionekana kuwa wasumbufu. Mwaka 1998, kwa mfano, Lego ilipotoa roboti za Mindstorms, haukupita muda kabla ya watumiaji kufumbua siri za programu yake na kuandika programu zao wenyewe.

Kampuni ingeweza kuwashtaki. Badala yake iliwaacha waendelee, ikatambua kwamba wanaongeza thamani ya bidhaa hiyo pasi na kulipwa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone.

Mwaka 2008, Lego ilishirikiana na kampuni moja ya Japani kuanzisha Cuusoo, tovuti ambapo mtu yeyote angewasilisha modeli yake na kuwaomba wengine waiunge mkono. Seti ya kwanza, nyambizi ya utafiti iitwayo Shinkai 6500, iliuzwa Japani mwaka 2011. Mwaka 2014 mpango huo ulipewa jina la Lego Ideas.

Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Shabiki hujenga modeli kwa matofali halisi au kwa kompyuta, kisha huiweka kwenye tovuti. Ikipata waungaji mkono 10,000 katika muda uliowekwa, hufikishwa mbele ya jopo la wataalamu wa kampuni.

Ikiidhinishwa, wabunifu wa Lego huisanifu upya ili iwe imara na salama na iuzike kwa bei inayofaa. Mwenye wazo hulipwa asilimia moja ya mapato halisi ya mauzo, hupewa seti 10 za bure na hutajwa katika kijitabu cha maelekezo.

Asilimia moja huenda ikaonekana kuwa kidogo. Lakini tuseme seti imeleta mapato halisi ya dola milioni tano za Marekani. Mbunifu atapata dola 50,000, bila kugharimia kiwanda, usafirishaji wala matangazo.

Mpango huo umezaa matunda ambayo pengine kampuni peke yake isingeyafikiria. Mwaka 2014, mwanasayansi Ellen Kooijman alifanikiwa kufikisha madukani seti ya wanawake watatu watafiti. Mwaka 2017 ikafuata seti ya wanawake wa shirika la anga za juu la Marekani, NASA, iliyopendekezwa na mwandishi wa sayansi Maia Weinstock.

Mwaka huo huo ilitoka roketi ya Saturn V, yenye urefu wa takriban mita moja. Ilikuwa na vipande 1,969, idadi inayolingana na mwaka ambao binadamu alikanyaga mwezini kwa mara ya kwanza. Mwaka 2021, nyumba ya filamu ya Home Alone, wazo la shabiki kutoka Ukraine, iliuzwa ikiwa na vipande 3,955.

Hayo ni mafanikio ya wachache. Katika awamu ya kwanza ya tathmini ya mwaka 2021, kazi 57 zilikuwa zimefikisha kura 10,000. Nyingi katika awamu kama hizo hukataliwa, na kwa kawaida kampuni haielezi kwa kina sababu ya kukataa kila moja.

Hata hivyo, sababu kadhaa zinafahamika. Ya kwanza ni maudhui. Mwaka 2012, modeli ya baa iliyomo katika filamu ya vichekesho vya kutisha ya Shaun of the Dead ilipata kura za kutosha, lakini Lego ikasema filamu hiyo haiwafai watoto.

Kampuni hiyo pia ina sera ya kutounda magari na ndege halisi za kivita. Julai 2020, iliondoa seti ya ndege ya Osprey ikiwa imebaki siku chache kabla ya kuuzwa, baada ya shirika moja la kutetea amani nchini Ujerumani kulalamika kwamba leseni yake ilihusisha kampuni zinazounda silaha.

Sababu ya pili ni mwenye mali mwenyewe. Mmiliki wa filamu au mchezo anaweza kukataa, kudai mrabaha mkubwa mno, au awe tayari amempa mshindani haki hizo.

Mfano ni Pokémon. Tangu mwaka 2017, seti za matofali za wahusika hao zilikuwa zikiundwa na Mega, kampuni tanzu ya Mattel ya Marekani. Ni Machi 2025 tu ambapo Lego na wamiliki wa Pokémon walitangaza ushirikiano, na seti za kwanza zikapangiwa mwaka 2026. Kabla ya hapo, Pikachu wa shabiki angeweza kupendwa na ulimwengu mzima asipate pa kupita.

Wakati mwingine mlango hufunguka haraka. Mnamo Desemba 2011, pendekezo la seti ya mchezo wa Minecraft lilifikisha kura 10,000 kwa takriban saa 48 tu. Wamiliki wa mchezo huo waliliunga mkono, na kufikia katikati ya mwaka 2012 seti ilikuwa sokoni. Baadaye Minecraft ikawa mojawapo ya mikusanyo ya kudumu ya Lego.

Tofauti ya Minecraft na Zelda, kwa hivyo, haikuwa kura. Zote mbili zilikuwa nazo. Tofauti ilikuwa utayari wa mwenye mali kwa wakati huo.

Wapo wanaoamua kuupita mlango huo kwa nguvu. Kampuni ya Lepin ya Uchina ilijipatia sifa mbaya kwa kunakili seti za Lego pamoja na modeli za mashabiki, bila kumlipa yeyote. Aprili 2019, polisi wa Uchina walivamia viwanda na maghala yake, na mwaka 2020 mshtakiwa mkuu akahukumiwa kifungo cha miaka sita gerezani.

Kwa shabiki aliyenakiliwa, hasara yake ilikuwa maradufu. Hakuwa na leseni ya kuuza kazi yake mwenyewe, na aliyeiiba aliiuza bila aibu.

Suala la nani anamiliki nini si geni kwa wazungumzaji wa Kiswahili. Mwaka 2003, kampuni ya Disney ilisajili nchini Marekani maneno "Hakuna Matata" kuwa alama yake ya biashara kwenye mavazi, kutokana na filamu ya The Lion King. Mwaka 2018, zaidi ya watu 100,000 walitia saini ombi la kupinga usajili huo.

Mwaka 2024, Lego ilitoa seti ya mwanasimba wa filamu hiyo chini ya leseni ya Disney. Neno "simba" ni mali ya kila anayezungumza Kiswahili, na yeyote anaweza kujenga simba wa matofali na kumuuza. Lakini Simba mwana wa Mufasa, kwa sura ile ya filamu, ana mwenyewe.

Hapo ndipo ulipo mpaka ambao kila mbunifu anafaa kuufahamu. Kujenga kwa ajili ya kujifurahisha nyumbani au kuonyesha katika maonyesho hakuna tatizo. Tatizo huanza pale mtu anapotaka kuuza kitu chenye sura ya hadithi ya mwingine.

Kwa wasiotaka kusubiri leseni, ipo njia nyingine. BrickLink, soko la mtandaoni la vipande vya matofali lililoanzishwa mwaka 2000 na kununuliwa na Lego mwaka 2019, lina mpango wa kuuza modeli za mashabiki kwa oda za mapema. Sharti mojawapo ni kwamba kazi isitokane na filamu, mchezo au chapa ya mtu mwingine.

Kupitia mpango huo, majumba ya kale, vituo vya reli na vijiji vya wavuvi vilivyotoka katika fikira za wabunifu wenyewe vimewafikia wanunuzi. Havina wahusika maarufu, lakini havina pia mwenye mali wa kusema hapana.

Lego itaendelea kuhitaji leseni, kwani ndizo huwavuta wateja wanaoingia dukani wakimtafuta shujaa wanayemjua. Itaendelea pia kuwahitaji mashabiki, kwani ndio hubaki filamu inapoondoka kwenye kumbi za sinema.

Kwa shabiki anayeanza leo, funzo la Zelda ni wazi. Kabla ya kuunganisha tofali la kwanza na kuomba kura ya kwanza, aulize kitu anachokijenga ni cha nani. Ikiwa ni chake mwenyewe, ufunguo anao mfukoni.