Kuupima Mtandao wa Kiwanda kwa Mzigo wa Kubuni

Daraja jipya aghalabu hupitishiwa malori yaliyosheheni mchanga kabla halijafunguliwa kwa wananchi. Boila ya kiwandani hujazwa maji na kukandamizwa kwa shinikizo lililozidi lile la kazi yake ya kila siku, ili kama ina ufa, ufa huo ujitokeze wakati hakuna mvuke wa kumwunguza mtu. Desturi hizi ni za zamani, na hakuna mhandisi anayezionea shaka. Lakini mtandao wa nyaya unaobeba amri kutoka kompyuta moja ya kiwanda hadi nyingine mara nyingi hukabidhiwa kwa kuangalia tu kama taa zake ndogo zinamemeta. Makala haya yanaeleza jinsi mtandao huo unavyoweza kutiwa mzigo wa kubuni kabla ya kuaminiwa, na kwa nini jaribio hilo lina uzito kuliko wengi wanavyodhani.

Tukio la Browns Ferry

Tarehe 19 Agosti 2006, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Browns Ferry, jimbo la Alabama nchini Marekani, pampu mbili zinazozungusha maji ndani ya kinu namba 3 zilisimama. Kinu kikabaki na nguvu nyingi huku maji yakipita kidogo, na waendeshaji wakalazimika kukizima kwa mkono. Ilipochunguzwa, vidhibiti vya mwendo wa pampu hizo vilikutwa vimeganda, havijibu lolote. Ikabidi vikatiwe umeme na kuwashwa upya ndipo virejee kazini. Kidhibiti kingine, cha mtambo wa kusafishia maji, nacho kilikuwa kimeshindwa wakati uleule.

Taarifa iliyotolewa mwaka 2007 na tume ya serikali ya Marekani inayosimamia nyuklia ilitaja chanzo: wingi wa ujumbe uliofurika katika mtandao wa kituo. Haikuthibitika kama mafuriko hayo yalianzia katika kidhibiti kile cha maji au mahali pengine. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna pampu iliyovunjika. Kikulacho ki nguoni mwako: vidhibiti vililemewa na ujumbe uliokuwa ukizunguka katika mtandao vilimounganishwa.

Ni nani anayelemewa?

Msomaji anaweza kudhani kwamba mtandao hushindwa pale waya unapojaa, kama bomba lisiloweza kupitisha maji zaidi. Dhana hii ni sahihi kwa sehemu tu, na katika viwanda mara nyingi hupotosha.

Mitandao mingi ya viwanda siku hizi hutumia mtindo wa Etherneti, uliobuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na wenzake katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California. Katika mtindo huu ujumbe hukatwa vipande viitwavyo fremu. Fremu ni kama bahasha: nje ina anwani ya apelekewaye, ndani ina habari. Iliyo ndogo kabisa ina baiti 64, na kubwa ya kawaida ina baiti 1518. Kila fremu hutanguliwa na ishara fupi na kufuatwa na pengo, ambavyo kwa pamoja huchukua nafasi ya baiti 20.

Katika waya unaopitisha biti milioni 100 kwa sekunde, kipimo ambacho bado ni cha kawaida viwandani, fremu ndogo huchukua mikrosekunde 6.72, yaani sehemu 6.72 za milioni za sekunde. Kwa hiyo fremu ndogo zaweza kupita 148,810 kwa kila sekunde. Fremu kubwa zaweza kupita 8,127 tu. Waya ni uleule, nao umejaa vilevile katika hali zote mbili; lakini idadi ya bahasha za kufunguliwa inatofautiana mara 18.

Kwa kawaida kidhibiti hutazama anwani na kuziacha bahasha zisizo zake. Lakini ziko fremu zinazoandikwa kwa wote, nasi tutaziita matangazo. Kila kifaa hulazimika kulipokea tangazo, kulifungua na kulisoma, hata kama halimhusu. Kidhibiti cha mtambo ni kompyuta ndogo, nayo ina kazi nyingine iliyo muhimu zaidi: kupima joto au kasi, kukokotoa, na kutoa amri kwa mota au vali.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kidhibiti lazima kimalize mzunguko wa kazi yake kila baada ya milisekunde 10, na kazi yenyewe inachukua milisekunde 6. Zimebaki 4. Tuseme tena kwamba kusoma tangazo moja, liwe dogo au kubwa, kunagharimu mikrosekunde 20. Katika milisekunde 4 kidhibiti kitaweza kusoma matangazo 200, yaani 20,000 kwa sekunde. Likizidi hata moja, mzunguko unaanza kuchelewa. Sasa matangazo madogo 20,000 kwa sekunde yanatumia asilimia 13.4 tu ya waya. Fundi akitazama kipimo cha waya ataona sehemu kubwa iko wazi, na huku mtambo umekwisha kupoteza udhibiti.

Tukiujaza waya uleule kwa fremu kubwa, kidhibiti kitapokea 81 tu katika kila mzunguko, na kuzisoma kutakula milisekunde 1.6. Kitafaulu bila shida. Hivyo mpimaji atumiaye fremu kubwa pekee atatoa cheti kwa kifaa ambacho fremu ndogo, katika waya usiojaa hata robo, zingekiangusha.

Msomaji huenda akauliza matangazo 20,000 kwa sekunde yatatoka wapi. Jibu ni rahisi kuliko linavyotisha. Fundi akichomeka kwa bahati mbaya ncha mbili za waya mmoja katika swichi moja, yaani kile chombo kinachokutanisha nyaya, kitanzi hutokea. Fremu ya Etherneti haina umri wa kufa. Tangazo likiingia katika kitanzi huzunguka na kunakiliwa bila kikomo mpaka kitanzi kikatwe. Kanuni ya kuvunja vitanzi, iliyobuniwa na Radia Perlman mwaka 1985, imo katika swichi nyingi, lakini swichi za bei nafuu hazinayo, na nyingine huwekwa ikiwa imezimwa.

Kuandaa jaribio

Chombo cha kutia mtandao mzigo tutakiita kizalisha mzigo. Chaweza kuwa mashine maalumu yenye gharama kubwa, au kompyuta ya kawaida iliyowekewa programu ya kazi hiyo, na baadhi ya programu hizo hupatikana bure. Kwa vyovyote vile, maandalizi yana hatua nne.

Kwanza, sikiliza kabla ya kusema. Swichi nyingi za viwandani zaweza kuagizwa kunakili kila kinachopita na kukipeleka katika tundu moja la kusikilizia. Rekodi hali ya kawaida kwa muda unaotosha kuhusisha kuwasha mitambo, kubadilishana zamu na kuzima. Usiridhike na wastani wa siku. Tafuta sekunde iliyokuwa na fremu nyingi kuliko zote.

Pili, jenga benchi la majaribio mbali na mtambo wa kweli. Weka juu yake swichi ya aina ileile, kidhibiti cha aina ileile chenye toleo lilelile la programu, na taa au mota ndogo badala ya mitambo mikubwa. Hili si pendekezo tu. Waraka namba 2544 wa jumuiya ya wahandisi wa intaneti iitwayo IETF, uliotolewa mwaka 1999 na ambao hadi leo ni msingi wa vipimo vya aina hii, ulikusudiwa kwa maabara. Mwaka 2012 jumuiya hiyo ilitoa waraka mwingine, namba 6815, kuonya kwamba kuvitumia vipimo hivyo katika mtandao ulio kazini kunaleta madhara.

Tatu, kipime kipimaji. Unganisha kizalisha mzigo moja kwa moja na kipokezi, pasipo mtandao katikati, uhakikishe kwamba kinatoa kile kinachodai kutoa. Kompyuta ya kawaida ina shughuli nyingi za ndani. Mara nyingi hushindwa kutoa fremu kila baada ya mikrosekunde 6.72, au huzitoa kwa mafungu yasiyo sawa.

Nne, pima tokeo kwa njia isiyopita katika mtandao. Ukikiuliza kidhibiti kupitia waya uleule uliofurika, kukosa jibu hakutakuambia kama kimekufa au kama jibu limepotea njiani. Kipe kidhibiti programu ya kuwasha na kuzima tokeo lake kwa kila mzunguko, kisha tazama tokeo hilo kwa osiloskopu. Huo ndio mapigo ya moyo wake.

Kutia mzigo

Anza bila mzigo wowote, uandike mapigo yalivyo. Kisha tia mzigo kidogo kidogo, tuseme asilimia 5 ya waya kwa kila ngazi, na kila ngazi idumu angalau sekunde 60, muda ambao waraka namba 2544 unautaka. Waraka huo unataja pia saizi saba za fremu: baiti 64, 128, 256, 512, 1024, 1280 na 1518. Rudia zote. Rudia pia kwa fremu zenye anwani ya kidhibiti chenyewe, kwa zile za kifaa kingine, na kwa matangazo, kwani kila aina hugonga mlango tofauti.

Andika mambo matatu. La kwanza ni mzigo ambao mapigo yalianza kuyumba. La pili ni mzigo ambao yalikoma, na tokeo lilibaki katika hali gani: limewaka au limezimika? Kidhibiti kikigandisha vali ikiwa wazi si sawa na kikiigandisha ikiwa imefungwa. La tatu husahauliwa mara nyingi: mzigo ukiondolewa, je, kifaa kinajirudia chenyewe, au husubiri mtu akikatie umeme? Vile vya Browns Ferry vilisubiri.

Kutoka matokeo hadi tiba

Ukilinganisha kikomo cha kifaa na kilele ulichokirekodi, utaona nafasi iliyobaki ni kubwa kiasi gani. Ikiwa ni finyu, tiba zipo na si ghali zote. Swichi nyingi zaweza kuwekewa kiwango cha matangazo, ili yazidiyo yatupwe kabla ya kumfikia mlengwa. Mtandao wa mitambo waweza kutengwa na ule wa ofisi. Kifaa dhaifu chaweza kukingwa na kichujio. Katika Browns Ferry ndiyo njia iliyochaguliwa. Baada ya tiba, jaribio hurudiwa, kwa maana kinga isiyojaribiwa ni tumaini tu.

Kwa wanunuzi wa mitambo liko jambo la ziada. Utaratibu wa PROFINET, unaotumika sana viwandani, hujaribu vifaa kwa mzigo wa mtandao na kuvigawa katika madaraja matatu. Kiwanda kinachoagiza kidhibiti kinaweza kuuliza daraja hilo kabla ya kutia sahihi mkataba, na kudai jaribio la mzigo liwe sharti la makabidhiano, kama shinikizo lilivyo sharti kwa boila. Nchi zinazoagiza mitambo yake kutoka ng'ambo, kama yetu, zina sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo, kwa kuwa mtengenezaji akikwisha kuondoka, kosa hubaki mikononi mwa mafundi wa hapa.

Benchi lililoelezwa hapa halihitaji zaidi ya kompyuta mbili, swichi moja, kidhibiti kimoja na osiloskopu. Vyuo vyetu vya ufundi vyaweza kulijenga, na wanafunzi wakilitumia wataingia viwandani wakijua kuuliza swali ambalo taa zinazomemeta haziwezi kulijibu: mtambo huu utavumilia mzigo kiasi gani kabla haujaacha kumtii mwendeshaji wake?